Shotigani ya mtutu mmoja ya mzee: usiidharau, na usiiache chini ya kitanda

Leo tutoke kidogo kwenye banda la kuku na matuta ya mchicha, maana kuna swali limenifikia mara nyingi na nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Wakazi wengi ninaowahudumia hapa Magomeni wana maisha ya sehemu mbili. Mtu anaishi Mikumi, Mapipa au Mwembechai, lakini mihogo yake iko Kisarawe, korosho ziko Mkuranga, mpunga uko Rufiji. Ijumaa jioni anafunga kibarua chake mjini, Jumamosi alfajiri yuko shamba. Kilio chake kikubwa sio mbolea. Ni nguruwe pori, nyani na ngedere. Ndipo swali linapokuja: "Afisa, marehemu mzee alituachia shotigani ya mtutu mmoja, ya kizamani kweli. Tuiuze tupate ile ya pampu, au tuitupe?"

Jibu fupi hili hapa. Usiitupe, usiiuze kienyeji, na usiipeleke shamba. Kama mwenye leseni ameshafariki, anza na kituo cha polisi kabla ya kitu kingine chochote. Jibu refu ndilo nitakaloeleza leo, na nitaanza na sababu ya mimi kuzipenda bunduki hizi, maana watu wengi wanazipoteza au kujitia hatarini nazo kwa sababu hawajui wameshika nini.

Tumetoka mbali na mtutu laini

Lugha yetu yenyewe inaonyesha tumekaa na bunduki muda mrefu. Tunalo neno bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Tunayo gumegume, iliyopata cheche kutoka kwenye jiwe. Ikaja ya fataki, ambayo nyundo inagonga kijikopo kidogo chenye kemikali. Zote hizi zilijazwa kwa mdomoni: unamimina baruti, unaweka kitambaa, unaweka risasi, unashindilia kwa mdeki. Zile za kushindilia ndizo wengi wetu tunaziita gobore.

Karne ya 19 bunduki za namna hii zilipita kwa wingi Zanzibar, zikapanda na misafara kwenda bara. Rugaruga wa Mtemi Mirambo kule Unyamwezi walizibeba. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, baadhi ya wapiganaji walikwenda na gobore mbele ya bunduki za kisasa za Wajerumani.

Kwa nini wao wa kisasa, sisi gobore? Sababu moja iliwekwa kwenye karatasi. Mwaka 1890 mataifa yalisaini mkataba Brussels, kwa lengo lililotajwa la kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake wakazuia silaha, hasa zile za kisasa, kuingizwa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Angalia ramani: nchi yetu yote imo ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo bunduki ya mtutu laini, ya risasi moja, ikabaki kuwa ndiyo bunduki ya mtu wa kijijini kwa muda mrefu sana. Shotigani ya mzee wako ni mtoto wa ukoo huo.

Shotigani ni kitu gani hasa

Shotigani ni bunduki ya marisau. Badala ya kutoa risasi moja inayozunguka kama raifo, inatoa punje nyingi ndogo kwa pamoja. Ganda moja la kawaida la geji 12 lenye marisau madogo ya kupigia ndege huwa na punje zaidi ya 200. Zinatoka zimekusanyika, halafu zinatawanyika kadiri zinavyokwenda. Kazi yake nzuri ni ndani ya mita 35 hadi 40 hivi. Lakini msidanganyike: marisau yanaweza kuruka zaidi ya mita 200 kabla ya kudondoka. Kwenye shamba la Kisarawe lenye nyumba ya jirani kila upande, hilo sio jambo dogo.

Kuhusu geji, watu wengi hunishangaa ninapowaambia kuwa namba kubwa ni mtutu mdogo. Hesabu yake ni ya zamani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe vidonge 12 vilivyo sawa. Mtutu unaopitisha kidonge kimoja ndio geji 12, kama milimita 18.5. Ukigawa ratili hiyo hiyo vidonge 20, kila kidonge kinakuwa kidogo zaidi, hivyo mtutu wa geji 20 ni mwembamba, kama milimita 15.6. Ile inayoitwa 410 haimo katika hesabu hii. Yenyewe imepimwa kwa inchi, 0.410, yaani zaidi kidogo ya milimita 10.

Tatu ambazo watu wanazidharau

Ya kwanza ni ile yenye nyundo nje. Ukiitazama pembeni unaona nyundo imesimama kama sikio la mbuzi. Uingereza bunduki za nyundo zilianza kupitwa na wakati baada ya mwaka 1875, mafundi wawili, Anson na Deeley, walipotoa mtambo unaoficha nyundo ndani. Tangu hapo ya nyundo ikaonekana ya mtu maskini. Mimi naiona vingine. Nyundo ya nje inakuambia wazi, hata ukiwa umbali wa hatua tano, kama bunduki imekokiwa au haijakokiwa. Mashine nyingi za leo hazina ukweli huo.

Ya pili ni Greener. Hii kwa matamshi yetu ni Grina, na ukipita mbele ya maduka na maghala ya Kariakoo unaweza kukutana nayo mikononi mwa mlinzi, rangi imekwisha, kitako kimefungwa waya. Ilitengenezwa na kampuni ya W.W. Greener ya Birmingham. Haikunjiki katikati kama shotigani nyingine. Ina wenzo chini, nyuma ya kifyatulio. Ukiusukuma wenzo huo chini, kipande kizito cha chuma kinashuka, ganda lililotumika linatoka, na mtambo unajikoki wenyewe ndani. Unaweka ganda jipya, unarudisha wenzo, basi. Mtambo huo ni wa ukoo wa Martini, ule ule uliokuwa kwenye bunduki za jeshi la Uingereza kuanzia 1871. Toleo la raia, lililoitwa GP, lilianza miaka ya 1920.

Greener ina kisa kimoja ambacho napenda kukisimulia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ile ilitengeneza toleo la polisi wa Misri, na baadaye likatumika kwenye makoloni mengine. Waliogopa bunduki zikiibiwa, mwizi atanunua ganda la kawaida dukani. Kwa hiyo wakaipa ukubwa wa pekee, geji 14, ganda ambalo halikuuzwa madukani. Watu wakagundua kwamba ganda la geji 16 ukilizungushia karatasi linaingia na kufyatuka. Kampuni ikajibu kwa kutengeneza toleo jingine, lenye pini ya kugonga ya ncha tatu, ambayo haifyatui ganda lolote isipokuwa lile la kwake tu. Funzo kwetu: sio kila Greener inakula ganda la geji 12. Likigoma kuingia, usilazimishe.

Ya tatu ni Baikal ya mtutu mmoja, kutoka Izhevsk, Urusi. Hii inakunjika katikati, nzito kidogo, haina mapambo. Ile ya mtutu mmoja inayofahamika zaidi, IZh-18, ilianza kutengenezwa mwaka 1964. Wenye kupenda bunduki za fahari wanaicheka. Mkulima hacheki, maana haina vipande vingi vya kuharibika.

Kwa nini nazipenda

Nilipokuwa kwenye kituo changu cha kwanza cha kazi, upande wa Rufiji, nilimfahamu mzee mmoja aliyekuwa na ya nyundo yenye leseni. Kitako chake kilikuwa kimelainika kwa mikono hadi mbao inang'aa. Alikuwa akisema bunduki ya risasi moja inamfundisha mtu subira. Ukishafyatua, umemaliza, huna ya pili ya kufunika makosa ya ile ya kwanza. Kwa hiyo unaangalia mara tatu: ni nguruwe kweli, au ni mtoto wa jirani anatoka msalani? Nyuma yake kuna nini? Nina haja ya kufyatua, au kelele za debe zitatosha?

Hiyo ndiyo thamani ninayoiona. Bunduki ya pampu inabeba maganda kadhaa na mtu mwenye hofu usiku atayamaliza yote. Mwenye mtutu mmoja analazimika kufikiri.

Na usiku wa shambani hofu ni ya kweli. Waliolinda mazao kwenye madungu kule Rufiji na Lindi wanaelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini mwetu, hasa mikoa ya kusini. Watafiti wale waliona uhusiano: nguruwe pori wanafuata mazao, simba wanafuata nguruwe, na mkulima yuko katikati, amelala dunguni kulinda mahindi yake. Kwa hiyo nikizungumzia bunduki ya mkulima siongelei starehe.

Mambo manne yanayoweza kupasua mtutu

Bunduki ya zamani ikipasuka, inapasuka karibu na mkono wa kushoto na uso. Someni kwa makini.

1. Urefu wa ganda. Shotigani nyingi za zamani za Kiingereza zina chumba cha milimita 65, maganda mengi ya sasa ni ya milimita 70. Mtego uko hapa: urefu ulioandikwa kwenye ganda ni wa baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, ganda ni fupi, linaingia vizuri kabisa kwenye chumba cha 65. Ukifyatua, mdomo unafunguka ukakosa nafasi, unaziba njia, na msukumo wa gesi unapanda. Kwa hiyo "limeingia" sio ushahidi kwamba linafaa.

2. Mtutu wa Damascus. Ukiona mtutu una michoro ya mawimbi kama mkeka au ngozi ya nyoka, huo umetengenezwa kwa kusokota vipande vya chuma na kuviunganisha kwa moto. Ni kazi nzuri ya mikono, lakini mingi ilitengenezwa enzi za baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina tabia nyingine ya msukumo. Huo ni wa kutazama, sio wa kufyatua.

3. Alama za majaribio. Bunduki za Uingereza zilipimwa kwa kufyatuliwa kwa nguvu kuliko kawaida, kisha zikapigwa mhuri. Birmingham wana nyumba ya majaribio tangu 1813. Mihuri iko chini ya mtutu, karibu na chumba. Maneno NITRO PROOF yanamaanisha ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa. Lakini mhuri unaeleza siku ile ya majaribio. Hauelezi kutu ya miaka 40 iliyokuja baadaye.

4. Kuchanganya maganda. Ganda la geji 20 likiingizwa kwenye mtutu wa geji 12 linateleza mbele na kukwama, halionekani. Mtu anafikiri hajaweka kitu, anaweka la 12 nyuma yake, anafyatua. Hapo mtutu unafunguka kama ua. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa kawaida hutengenezwa ya rangi ya njano. Nyumba yenye geji mbili isiweke maganda pamoja hata siku moja.

Kazi ya kuamua kama bunduki inafaa kufyatuliwa ni ya fundi wa silaha mwenye kibali. Sio fundi wa baiskeli, sio mjomba aliyewahi kuwa mgambo, na sio mimi.

Hali ya hewa ya Dar ni adui

Unyevu wa pwani na chumvi ya hewa vinakula chuma haraka. Kosa linalofanyika sana ni kuihifadhi bunduki kwenye mfuko wake wa ngozi, watu wakidhani wanaitunza. Ngozi inashika unyevu. Ukiutoa baada ya masika, mtutu una vishimo ndani, na vishimo hivyo havifutiki. Mwenye leseni aifute kwa kitambaa kikavu, apake mafuta kidogo ya bunduki, aiweke tupu ndani ya kabati la chuma linalofungwa, na maganda yakae mahali pengine penye kufuli lake. Nyumba zetu za Magomeni watu ni wengi, vyumba vimebanana, watoto wanafika kila mahali. Chini ya kitanda sio mahali pa kuhifadhia silaha.

Sasa karatasi, na hapa ndipo familia nyingi huumia

Leseni ya bunduki ni ya mtu, sio ya nyumba. Mzee akifariki, leseni yake haiwi yako kwa sababu wewe ni mtoto wa kwanza au kwa sababu kikao cha ukoo kimekupa. Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, Sura 223. Tena kumiliki silaha bila kibali kumeingizwa kwenye jedwali la makosa ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura 200. Maana yake unaweza kushtakiwa kwenye kundi moja na kesi nzito kabisa, kwa sababu ya kitu kilichokuwa juu ya kabati la marehemu. Na gobore nalo ni silaha. Usiseme "hili ni la kienyeji tu". Kuna watu wako gerezani kwa sababu ya neno hilo "tu".

Fanya hivi. Msimamizi wa mirathi atoe taarifa kituo cha polisi akiwa na kitabu cha leseni ya marehemu na cheti cha kifo. Usiibebe bunduki mwenyewe kwenye mwendokasi wala bodaboda. Toa taarifa kwanza, wakuelekeze jinsi ya kuifikisha. Itapokelewa na kutunzwa, na udai uandikiwe hati ya makabidhiano. Kama kuna mwanafamilia anayeihitaji kwa sababu ya msingi, aombe leseni yake mwenyewe, akianzia serikali ya mtaa na kupanda ngazi za ulinzi na usalama. Ni safari ndefu, ndiyo. Lakini bunduki ikiwa polisi na karatasi yake ipo, haijapotea.

Na kama hamna anayeihitaji, isalimisheni. Umoja wa Afrika umetenga Septemba ya kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, na serikali yetu imewahi kutangaza vipindi vya namna hiyo ambapo anayesalimisha hashtakiwi. Sikilizeni matangazo hayo kama mnavyosikiliza ya mbolea ya ruzuku.

Mwisho, turudi kwa nguruwe

Kuwa na leseni ya bunduki sio kibali cha kuwinda. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, nguruwe pori ni mnyamapori kama wengine, na nyama yake ni nyara ya serikali. Sheria inatambua mtu kujitetea na kutetea mali, lakini ukiua mnyama lazima utoe taarifa, na kitoweo hakiingii jikoni kwako. Wanyama wakizidi, mwiteni afisa wanyamapori wa wilaya.

Ushauri wangu wa ugani unabaki ule ule. Fyekeni kichaka mita kadhaa kuzunguka shamba, maana nguruwe hapendi kuvuka uwazi. Pandeni kwa pamoja na majirani ili ulinzi uwe wa zamu. Mbwa wawili wazuri, madebe ya kugonga, tochi kali. Bunduki yenye leseni iwe ya mwisho kabisa, na iwe mikononi mwa mtu aliyefundishwa.

Kwa hiyo familia yenye shotigani ya marehemu, kesho asubuhi kazi yenu ni tatu. Tafuteni kitabu cha leseni. Msimruhusu mtu yeyote kuifungua au kuijaribu. Msimamizi wa mirathi aende kituoni. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeitunza bunduki ya mzee, na heshima yake pia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye ratiba ya chanjo ya kideri. Kuku wenu wanasubiri.